Cajeta ya Celaya: mara inakatika jikoni, mara inageuka mchanga kwenye chupa

Mwiko Mrefu

Wakuu, naombeni msaada kuhusu cajeta, kile kitamutamu kizito cha maziwa ya mbuzi na sukari cha mji wa Celaya huko Mexico. Nimepika mara mbili na zote zimeharibika kwa namna tofauti, kwa hiyo naweka vipimo vyote hapa.

Mara ya kwanza: maziwa ya mbuzi lita 2, sukari nyeupe gramu 500, kijiti kimoja cha mdalasini. Bekingi soda sikuweka, kwa sababu maelezo niliyofuata hayakuitaja. Dakika kama 20 baada ya kuchemka, maziwa yakakatika: vibonge vyeupe vidogo juu, maji ya manjano chini.

Mara ya pili: vipimo vilevile, nikaongeza kijiko kizima cha chai cha bekingi soda. Haikukatika, lakini ilikuwa nyeusi haraka sana, ina ladha ya sabuni kwa mbali, na ilipopoa ikakaza mpaka kijiko kinasimama chenyewe. Uzito wa mwisho ulikuwa gramu 900. Siku ya sita kwenye friji ikawa na mchanga unaosikika menoni.

Nataka kujua soda inaingia kiasi gani na wakati gani, nitajuaje imeiva kabla haijapitiliza, na mchanga unatoka wapi. Pia la historia: wengine wanasema cajeta ni dulce de leche (maziwa yaliyopikwa na sukari) ya Argentina iliyohamia Mexico, wengine wanasema jina linatokana na sanduku. Lipi la kweli?

Kisaga

Nianze na hilo la mwisho, maana wenye mikono mizuri ya jikoni watakuja kwenye hayo mengine.

La sanduku ndilo la kweli. Kwa Kihispania caja ni sanduku, na cajeta ni kisanduku. Enzi za ukoloni, Mexico ikiitwa Hispania Mpya, vitamutamu vizito vya kuchota au kukata kwa kisu vilifungwa ndani ya visanduku vya mbao nyembamba, vingi vya mviringo, na jina la chombo likahamia kwenye kilichomo. Kulikuwa na cajeta ya pera, ya nanasi, ya nazi, ya viazi vitamu. Ya maziwa ilikuwa moja tu katika ukoo mkubwa. Hadi leo Mexico kuna cajeta de membrillo, ambayo haina hata tone la maziwa: ni tunda lililopikwa na sukari mpaka likakaza. Celaya ililishika jina hilo kwa nguvu hata sasa mtu akisema cajeta bila kuongeza neno, anayemsikiliza anaelewa maziwa ya mbuzi.

Sasa tazama vilivyomo ndani ya sufuria, maana kila kimoja kina safari yake. Kabla ya Wahispania, watu wa Mexico hawakuwa na mnyama wa kukamua. Mbuzi, ng'ombe na muwa vyote viliingia katika karne ya 16. Mdalasini ulitoka ng'ambo ya bahari, na mpaka leo Wameksiko wanapenda ule wa Ceylon, laini, unaovunjika kwa vidole. Kilicho cha kwao tangu asili ni vanila, ambayo Watotonaki wa upande wa Veracruz waliijua muda mrefu kabla ya meli kufika. Mji wa Papantla bado una jina kwa vanila.

Celaya iko Guanajuato, kwenye uwanda unaoitwa Bajío. Mji ulianzishwa karibu na mwaka 1570 na walowezi wengi wao Wabaski, na jina lenyewe ni la Kibaski, maana yake uwanda. Bajío ilikuwa ghala la migodi ya fedha ya Guanajuato na Zacatecas: nafaka, nyama, ngozi, mafuta ya mishumaa, vyote vilitoka huko. Mbuzi anaishi vizuri kwenye vichaka vikavu ambako ng'ombe anakonda, kwa hiyo maziwa ya mbuzi yalikuwepo kwa wingi, na maziwa hayangoji. Kuyapika na sukari mpaka maji yaondoke ndiyo njia ya kuyafanya yasafiri.

Kuhusu Argentina: kuna hadithi maarufu ya mwaka 1829, ya mtumishi aliyesahau maziwa na sukari motoni katika kambi ya Juan Manuel de Rosas, kiongozi wa Argentina. Ni hadithi nzuri, lakini ni hadithi. Maziwa yaliyopikwa na sukari yalikuwa yanajulikana sehemu nyingi za Amerika ya Kihispania kabla ya hapo, na kila mahali yana jina lake: Chile ni manjar, Colombia ni arequipe. Cajeta ni ndugu wa hao, si mtoto wa mmoja wao. Tofauti kubwa ni mbuzi. Mwaka 2010, Mexico ilipoadhimisha miaka 200 tangu vita vya uhuru vya 1810 vianze, cajeta ndiyo iliyotangazwa kuwa kitamutamu cha maadhimisho hayo.

Bibi Mdalasini

Mwiko Mrefu, pole. Makosa yako mawili ni kosa moja lililoangukia pande mbili: soda. Mara ya kwanza hukuweka, mara ya pili ukaweka maradufu.

Kazi ya soda ni kuua asidi. Maziwa mabichi yana asidi kidogo, na unapochemsha, maji yanaondoka lakini asidi inabaki, kwa hiyo inazidi kukolea. Isitoshe joto lenyewe linavunja sukari ya maziwa na kuzalisha asidi zaidi. Protini ya maziwa, kaseini, inavumilia asidi hiyo kwa kiasi, kisha inashikana vibonge. Ya mbuzi inavumilia joto kidogo kuliko ya ng'ombe. Ndiyo maana mtu anaweza kupika maziwa ya ng'ombe bila soda akasalimika, akajaribu ya mbuzi vivyo hivyo yakakatika.

Vipimo vya kuanzia: maziwa lita 2, sukari gramu 400, soda gramu 2.5, yaani nusu kijiko cha chai kilichofutwa juu. Hakikisha ni bekingi soda na si bekingi poda. Poda ina asidi yake ndani, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu yake inaishia kujiua yenyewe, na nyingi zina wanga.

Kabla ya yote jaribu maziwa. Chota vijiko viwili, vichemshe kwenye kisufuria kidogo. Yakikatika hapo, usiendelee, hakuna soda itakayoyafufua. Na usiyaonje mabichi. Maziwa ya mbuzi yasiyochemshwa yanaweza kubeba brusela, bakteria wanaoleta homa kali kwa binadamu. Yanuse tu. Harufu kali ya beberu ikiwepo kwenye maziwa itakuwepo pia kwenye cajeta, tena imekolea. Inatokana na asidi za mafuta ya mbuzi zinazoachiliwa maziwa yanapokaa au kutikiswa sana, au mbuzi anapokamuliwa karibu na beberu. Maziwa ya asubuhi yaliyopoozwa mara moja yana harufu tamu, karibu ya majani.

Sufuria iwe kubwa. Kwa lita 2 tumia ya lita 6, chini yake pawe pazito. Chuja maziwa, tia sukari na kijiti cha mdalasini, moto wa wastani, koroga mpaka sukari iyeyuke yote kabla hayajachemka. Yakianza kuchemka, ipua. Soda iwe tayari imeyeyushwa kwenye kijiko kikubwa cha maji. Imimine huku unakoroga. Povu litapanda kwa nguvu, linaweza kufika mdomoni mwa sufuria, na ndiyo sababu ya kuipua kwanza. Likishuka, rudisha motoni.

Saa ya kwanza ni rahisi. Chemko liwe la kuonekana ila lisirushe, koroga kila dakika mbili tatu ukipitisha mwiko chini na kwenye pembe za sufuria, si katikati peke yake. Rangi inatoka nyeupe, inakwenda ya pembe za ndovu, kisha ya majani makavu. Inapoanza kuwa ya dhahabu na kushika mwiko kidogo, toa mdalasini. Ukiuacha mpaka mwisho unamomonyoka, na kuna aina ngumu za mdalasini zinazotoa uchungu wa kukausha ulimi.

Baada ya hapo huondoki tena jikoni. Dakika 30 hadi 45 za mwisho unakoroga bila kuacha na moto unaupunguza. Angalia mapovu. Mwanzoni ni madogo, meupe, mengi kama ya sabuni. Yanapungua, yanakuwa makubwa, yanang'aa kama kioo, yanapanda polepole na kupasuka kwa mlio mzito, pwa, pwa, na kila moja linaacha kishimo kinachochelewa kujaa. Hapo upo karibu sana. Vuta mwiko kwa mstari mmoja chini ya sufuria: ukiona chini ya sufuria kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, kabla haijafunika, ipua. Kipimo hicho cha kuona chini ya sufuria ndicho wapishi wa Mexico wanachokitaja kila mara. Thibitisha kwa tone kwenye sahani iliyokaa friji: likipoa liwe zito kama asali, lisitawanyike, lisisimame kama gundi.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kungoja ifike uzito unaoutaka ikiwa bado ya moto. Ya moto lazima ionekane nyepesi mno. Ikipoa inakaza kweli.

Ikishika chini na ukanusa kuungua, usikwangue. Mimina ilivyo kwenye sufuria nyingine, acha tabaka lililoungua hukohuko, endelea. Ukikwangua mara moja tu utakuwa na madoa ya kahawia na uchungu hadi chupa ya mwisho. Argentina wana mtindo wa kutia gololi za kioo ndani ya sufuria zizunguke zenyewe na kusugua chini. Zinasaidia saa ya kwanza, ila mchanganyiko ukishakuwa mzito zinasimama, na mwiko haukwepeki.

Fuwele

Bibi Mdalasini amemaliza upande wa kukatika. Mimi nashika mchanga, na naanza na hesabu ya ile gramu 900, kwa sababu inaeleza karibu kila kitu.

Maziwa ya mbuzi lita 2 yana vitu vikavu karibu gramu 260: mafuta, protini, laktosi (ile sukari ya maziwa), madini. Ongeza sukari yako gramu 500, unapata 760. Vitu hivyo haviondoki na mvuke, kinachoondoka ni maji tu. Kwa hiyo gramu 900 za mwisho zilikuwa na vitu vikavu 760 na maji 140 pekee. Hiyo ni asilimia 84. Cajeta ya kuchota kwa kijiko inakaa vizuri kwenye asilimia 70 hadi 72. Ulivuka cajeta ukawa unaelekea jamoncillo, kitamutamu kingine cha maziwa cha huko Mexico kinachokatwa vipande.

Kwa vipimo vyako ulitakiwa kusimama kwenye gramu 1,085. Kwa vipimo vya Bibi, gramu 400 za sukari, jumla kavu ni 660, unasimama kwenye 940 hivi. Fanya hivi: pima sufuria tupu pamoja na mwiko, andika. Unapohisi imekaribia, weka vyote juu ya mizani, toa uzito wa sufuria na mwiko. Inachukua nusu dakika na inamaliza ubishi wote wa tone na mstari. Kipimajoto kinasaidia kidogo tu, kwa sababu kutoka nyembamba mpaka imepita, nyuzi zinapanda chache mno, na kipimajoto kingi cha jikoni hakina uhakika wa nyuzi moja.

Sasa mchanga. Gramu 100 za maji katika joto la chumba zinaweza kuyeyusha karibu gramu 200 za sukari ya kawaida, lakini laktosi karibu gramu 20 tu. Kwenye sufuria yako kulikuwa na laktosi gramu 90 hivi. Hata ungesimama kwenye asilimia 70 sawasawa, maji yangekuwa gramu 325 na laktosi karibu 28 kwa kila 100. Maana yake hata cajeta iliyopikwa vizuri ina laktosi kuliko maji yake yanavyoweza kubeba ikipoa. Siku zote inatafuta nafasi ya kujitenga kuwa fuwele, yaani punje ndogo ngumu. Wewe ulikuwa na maji 140 tu, kwa hiyo hata sukari ya kawaida ilizidi kipimo: gramu 500 kwenye maji yanayobeba 280. Mchanga wako una uwezekano mkubwa wa kuwa wa aina zote mbili.

Huwezi kuzuia fuwele za laktosi kabisa kwa sufuria ya nyumbani, lakini unaweza kuziamulia ukubwa. Ulimi hausikii zilizo ndogo sana. Fuwele chache zikipewa muda mrefu wa kukua zinakuwa changarawe. Nyingi zikizaliwa kwa pamoja zinabaki unga laini usiosikika. Kwa hiyo cajeta isiachwe ipoe yenyewe polepole ndani ya sufuria. Ipua, weka sufuria kwenye beseni la maji baridi, koroga mfululizo mpaka ishuke kwenye nyuzi 60 hivi, ndipo ujaze chupa.

Njia ya pili ni kubadilisha sehemu ya sukari kwa sharubati ya glukosi. Toa gramu 70 za sukari, weka gramu 80 za glukosi. Inafanya mchanganyiko uwe mzito na kuzipa fuwele kazi ngumu ya kukua. Kiasi hicho ni cha haki kabisa. Chupa ambayo glukosi imetangulia maziwa kwenye orodha ya viambato ni jambo lingine, hiyo ni sharubati yenye rangi ya maziwa. Njia ya tatu ni kimeng'enya cha laktesi, kinachokata laktosi kabla ya kupika. Kinafanya kazi, ila rangi inakuja haraka zaidi na utamu unapanda, kwa hiyo punguza sukari.

Na usiongeze unga wa maziwa ili kuokoa muda. Zaidi ya theluthi ya unga huo ni laktosi. Unanunua mchanga kwa mkono wako.

Kwa atakayekutana na chembe asijue ni za nini, chukua punje ya cajeta ukubwa wa haragwe, itie kwenye kikombe cheupe, mimina maji ya moto vijiko vitatu, zungusha taratibu. Zikitoweka ni fuwele. Zikibaki vipande vyeupe laini vinavyonepa ukivibonyeza kwa kidole, ni protini iliyokatika. Zikizama zikiwa za kahawia na bapa, ni tabaka lililoungua chini ya sufuria. Kila moja ina dawa yake, na watu wengi wanatibu isiyo yao.

Mwiko Mrefu

Asanteni sana, nimeelewa sasa hiyo 84. Nimefanya jaribio la kikombe: zimetoweka zote. Je, hii niliyonayo inaokoleka? Na nina maswali mawili ya nyongeza: rangi. Nilidhani weusi ni sukari kuungua, lakini sikuona moshi wala uchungu. Halafu nimeona picha nyingi za cajeta kwenye sufuria za shaba nyekundu, je, shaba ina faida au ni urembo?

Fuwele

Inaokoleka nusu. Ongeza maji, si maziwa, maana maziwa yataleta laktosi nyingine. Kwa gramu 900 weka maji gramu 185, pasha moto mdogo ukikoroga mpaka ifike karibu nyuzi 85 na usione punje hata moja kwenye mgongo wa kijiko. Ukiacha hata fuwele chache, hizo ndizo zitakuwa mbegu ya mchanga mpya. Kisha poza haraka kama nilivyosema.

Ladha ya sabuni haitoki. Usijaribu kuiua kwa ndimu, utaikatisha palepale. Ichanganye na cajeta mpya, sehemu moja kwa tatu, na hiyo mpya uitie soda kidogo kuliko kawaida.

Rangi: si sukari iliyoungua. Sufuria yako haikufika nyuzi 120, kwa sababu kulikuwa bado na maji, na sukari inahitaji nyuzi 160 na zaidi ili ianze kugeuka kahawia yenyewe. Kilichofanya kazi ni mmenyuko wa Maillard, kati ya laktosi na protini za maziwa. Mmenyuko huo unakwenda kasi asidi ikipungua, na wewe uliweka soda maradufu, kwa hiyo ulipata rangi ya saa mbili kwa saa moja, kabla ladha haijakomaa. Rangi peke yake si kipimo cha kuiva. Hilo linawapoteza wengi.

Bibi Mdalasini

Niongeze hapo kuhusu rangi. Cajeta quemada, yaani iliyounguzwa, ndiyo pekee ambayo sukari inapikwa kweli mpaka iwe kahawia. Unachukua robo ya sukari yako, gramu 100 katika 400, unaiyeyusha kavu kwenye sufuria mpaka iwe rangi ya asali nyeusi, kisha unamimina maziwa ya moto kidogo kidogo. Yawe ya moto: ya baridi yatafanya sukari iwe jiwe na mvuke utakurukia mkononi. Kumbuka sukari iliyounguzwa ina asidi, kwa hiyo soda iwe tayari ndani ya maziwa kabla hujaichanganya. Wanaofuata utaratibu wa kawaida wa soda kuja baadaye wanakatikiwa hapa na hawajui kwa nini.

Ile ya mvinyo, envinada, ni rahisi: vijiko viwili vitatu vikubwa vya mvinyo mtamu mzito au ramu, baada ya kuipua na ikiwa imeshapungua joto. Ya vanila vilevile, mwishoni, maana harufu ya vanila haivumilii saa mbili za moto.

Nina neno na Fuwele kuhusu kujaza kwa nyuzi 60. Kwa cajeta itakayoliwa ndani ya wiki chache na kukaa friji, sawa. Kwa inayotakiwa kukaa miezi, nyuzi 60 ni chini mno kuua ukungu uliotua kwenye mfuniko. Jaza ikiwa nyuzi 85 au zaidi, chupa ziwe zimechemshwa, funga, kisha poza chupa kwenye maji vuguvugu na baadaye baridi ili isikae na joto usiku kucha.

Fuwele

Nakubali, kwa ya kuweka muda mrefu hiyo ni sahihi zaidi. Utapata mchanga kidogo zaidi, lakini mchanga hauumizi mtu na ukungu ni hasara ya chupa nzima. Jambo moja tu: usifunge mfuniko wa baridi juu ya cajeta ya moto. Mvuke unaganda chini ya mfuniko, tone linadondoka juu ya cajeta, na pale lilipodondoka sukari inakuwa imechujuka. Ukungu unaanzia kwenye kiduara hichohicho. Chovya mifuniko kwenye maji ya moto, ikaushe, funga ingali na joto.

Kisaga

Kuhusu shaba: ni kazi, si urembo. Shaba nyekundu inasambaza joto sawasawa, kwa hiyo hakuna sehemu moja chini inayowaka kuliko nyingine, na kwa maziwa hiyo ndiyo tofauti ya kushika na kutoshika. Sufuria hizo huitwa cazo, nyingi hufuliwa kwa nyundo Santa Clara del Cobre, mji wa Michoacán ambao jina lake lenyewe lina neno shaba. Chini ni duara bila pembe, mwiko unafika kila mahali.

Lakini ina masharti. Isuguliwe kwa ndimu na chumvi, isuuzwe vizuri muda mfupi kabla ya kupika, ing'ae, kusiwe na hata alama ya ile kutu ya kijani, ambayo ni sumu. Na cajeta isilale ndani yake: ikiiva inahamishwa mara moja. Kwa lita 2 za nyumbani, sufuria ya chuma cha pua yenye tabaka nene chini inafanya kazi bila wasiwasi. Alumini nyembamba ndiyo ya kukwepa.

Na ile ya kwanza iliyokatika: kukatika huko, mahali pengine Mexico, ndiko wanakokutafuta. Zamora, mji mwingine wa Michoacán, una chongos zamoranos: maziwa yanagandishwa makusudi kwa kigandisha cha jibini, yanakatwa vipande, yanapikwa taratibu mno na sukari na mdalasini mpaka vipande vikaze ndani ya sharubati yao. Ila huko mgando ni mmoja, laini, wa kimeng'enya. Wako ulikuwa wa asidi na joto, punje punje, hautengeneki chongos.

Mwiko Mrefu

Swali dogo la mwisho: maziwa ya mbuzi nikipata lita moja tu, nikichanganya na moja ya ng'ombe?

Bibi Mdalasini

Changanya. Zipo hata Mexico za mchanganyiko, na chupa ya kweli inasema hivyo. Ladha ya mbuzi inabaki, ya chinichini. Soda punguza mpaka gramu 2, sukari iache gramu 400. Maziwa ya ng'ombe yawe yenye mafuta yake yote. Ya kuondolewa mafuta yanatoa cajeta inayovutika kama mpira. Uzito wa kusimamia ni uleule, 940 au pungufu kidogo. Anza kupima mapema, ikiwa kwenye 1,050, maana kutoka hapo gramu 100 zinaondoka haraka kuliko unavyodhani.